Saa ya Vyama Shuleni: Jinsi ya Kuunda Chama cha Wanafunzi Kinachodumu

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimetenga wakati ambao wazazi wengi hawajui kuwa upo. Katika shule za kutwa, ziwe za umma au za kibinafsi, masomo ya darasani huanza saa mbili asubuhi na kukoma saa tisa unusu alasiri. Kutoka hapo hadi saa kumi na dakika arobaini na tano ni wakati wa shughuli za nje ya darasa: michezo, muziki, drama, mdahalo na vyama vya wanafunzi. Ni saa moja na robo kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa wiki nzima, mwanafunzi ametengewa saa sita na robo.

Muulize mwanafunzi wa Kidato cha Nne saa hizo huenda wapi. Mara nyingi atakwambia huwa ni za marudio ya hisabati, jaribio la kemia, au kukimbizana na silabasi kabla ya mtihani wa KCSE. Walimu wanaofanya hivyo wanawatakia watoto mema, na wazazi wenyewe ndio huwashinikiza. Lakini chama kinachonyang'anywa saa yake wiki baada ya wiki hubaki jina tu kwenye ubao wa matangazo. Mwishoni mwa mwaka kina mwenyekiti, kina picha ya pamoja, na hakuna kitu ambacho wanachama wake wanaweza kusema walikifanya.

Makala haya yanaeleza jinsi chama cha wanafunzi kinavyoweza kuundwa na kuendeshwa ili kifanye kazi inayoonekana, na ili kisife mwalimu anayekilea akihamishwa. Yameandikwa kwa wanafunzi, kwa walimu walezi na kwa mzazi anayejiuliza kama mtoto wake anapoteza muda.

Mfano uko hapa Nakuru

Mzazi huyo anaweza kuanzia Shule ya Upili ya Keriko, shule ya kutwa ya wavulana na wasichana katika kijiji cha Pwani, kaunti ya Nakuru. Machi 2019, mwalimu wake wa hisabati na fizikia, Bruda Peter Tabichi, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Fransisko, alitangazwa mjini Dubai kuwa mshindi wa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, yenye thamani ya dola milioni moja za Marekani. Magazeti yaliandika sana kuhusu dola hizo na kuhusu ukarimu wa mwalimu anayetoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia wengine. Habari ya vyama vya wanafunzi ilipita haraka, ingawa ndiyo yenye mafunzo ambayo shule nyingine inaweza kuyachukua bila kungoja tuzo.

Keriko wakati huo ilikuwa na kompyuta moja tu, na mtandao wake ulikuwa wa kubahatisha. Mwalimu alilazimika kwenda kwenye duka la mtandao kupakua masomo ambayo angeyatumia darasani bila intaneti. Kulikuwa na mwalimu mmoja kwa kila wanafunzi 58. Karibu theluthi moja ya wanafunzi walikuwa yatima au watoto wa mzazi mmoja, na wapo waliotembea kilomita saba kufika shuleni kwa barabara zisizopitika wakati wa mvua. Kwa hali hiyo, shule ingeweza kusema kwa haki kabisa kwamba vyama ni anasa ya shule tajiri.

Ilifanya kinyume. Tabichi alianzisha chama cha kukuza vipaji na kupanua chama cha sayansi kilichokuwepo. Katika Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya mwaka 2018, wanafunzi wake walionyesha kifaa walichokibuni cha kuwawezesha watu wasioona na viziwi kupima vitu, na shule ikashika nafasi ya kwanza kitaifa miongoni mwa shule za umma. Timu ya hisabati ilifuzu kwenda kwenye maonyesho ya kimataifa ya mwaka 2019 huko Arizona, Marekani. Mradi mwingine, wa kuzalisha umeme kutokana na mimea ya pale pale kijijini, ulipata tuzo ya Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza.

Mwenye hofu kwamba vyama huangusha masomo anaweza kuangalia hesabu iliyotangazwa wakati wa tuzo. Mwaka 2017, wanafunzi 16 kati ya 59 waliomaliza Keriko waliendelea na elimu ya juu. Mwaka uliofuata, 26 walijiunga na vyuo na vyuo vikuu. Si haki kuvipa vyama peke yake sifa hiyo, kwa sababu Tabichi na wenzake wanne pia waliwafundisha wanafunzi dhaifu nje ya saa za darasa na kuwatembelea nyumbani. Lakini hakuna anayeweza kusema kuwa chama cha sayansi kiliwazuia.

Kuna chama kingine cha Keriko ambacho hakikuleta kombe lolote. Fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilisababisha vifo na kuhamisha familia nyingi katika kaunti hii, na watoto wa pande zote walirudi kukaa dawati moja. Shule hiyo ilikuwa na wanafunzi wa makabila saba. Tabichi alianzisha chama cha amani. Kazi ya chama cha namna hiyo haipimwi kwa cheti. Hupimwa mwaka wa uchaguzi, wakati nyumbani kunasemwa jambo moja na mwanafunzi ana rafiki ambaye jambo hilo linamhusu.

Swali kwanza, fulana baadaye

Vyama vingi vya shule huanza na fulana. Halafu hufuata uchaguzi wenye kampeni kali, halafu safari, halafu kimya. Kinachokosekana ni kazi ya kufanya siku ambayo hakuna safari. Kwa hiyo wanafunzi wanaotaka kuunda chama waanze na swali moja linalowahusu wao na majirani zao, ambalo jibu lake hawalijui.

Nakuru ina maswali kama hayo ya kutosha. Chukua meno ya kahawia. Wakazi wengi wa Bonde la Ufa wana madoa ya rangi hiyo menoni, na watoto wao hucheka wakiwa wameziba midomo. Chanzo ni madini ya floridi, ambayo maji ya chini ya ardhi huyapata kutoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu cha miligramu 1.5 za floridi kwa kila lita ya maji ya kunywa. Visima vingi vya Bonde la Ufa hupita kiwango hicho. Madoa hutokea pale mtoto anapokunywa maji hayo akiwa mdogo, meno yake ya ukubwani yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi. Kiasi kikubwa kikitumiwa kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa.

Chama cha sayansi, au cha afya, kinaweza kufanya nini na jambo hilo? Wiki ya kwanza kila mwanachama anaandika chanzo cha maji ya kunywa nyumbani kwake: kisima kirefu, bomba, mto, au mvua iliyokingwa kutoka kwenye mabati. Wiki ya pili wanachora ramani ya vijiji na kutia alama ya kila chanzo. Wiki ya tatu wanawaandikia barua kampuni ya maji na idara ya maji ya kaunti wakiomba matokeo ya vipimo vya vyanzo hivyo. Wakati wanangoja majibu, wanasoma. Watagundua kwamba kuchemsha maji huua viini lakini hakuondoi floridi, na kwamba maji yakipungua sufuriani floridi iliyobaki huwa nzito zaidi. Watagundua kuwa maji ya mvua karibu hayana floridi. Watagundua pia kuwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, iliyochomwa kwa joto kali kwa utaratibu maalumu, hunasa floridi maji yanapochujwa ndani yake, na kwamba njia hiyo imetumika hapa Nakuru kwa miaka mingi.

Hapo kuna kemia, jiografia, hesabu na uandishi wa barua rasmi, yote katika muhula mmoja, na gharama yake ni karatasi na kalamu. Kuna pia adabu ya utafiti ambayo ni lazima mlezi aisimamie: hakuna mwanafunzi atakayefunguliwa mdomo mbele ya wenzake, na hakuna picha ya meno ya mtu itakayopigwa bila ridhaa yake. Wanaochunguzwa ni visima, watu waachwe na heshima yao.

Chama cha wanyamapori kina swali lake. Ziwa Nakuru limepanuka sana tangu miaka ya 2010, likafunika lango kuu la zamani la mbuga na kuingia kwenye makazi ya watu. Heroe, ambao hula mwani unaomea kwenye maji ya magadi, walipungua maji yalipokuwa mengi na chumvi kupungua. Wanafunzi wa shule iliyo karibu wanaweza kuweka kipimo cha mvua uwanjani na kuandika usomaji wake kila asubuhi. Daftari la mvua la miaka mitano, lililoandikwa bila kuruka siku, ni kitu ambacho hata mtafiti wa chuo kikuu angekihitaji. Inafaa kukumbuka kwamba muungano wa Vyama vya Wanyamapori vya Kenya ulianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wa Kenya wenyewe.

Chama cha mdahalo, cha Kiswahili, cha uandishi wa habari au cha wakulima vijana nacho kitafute swali lake. Mdahalo juu ya kama mwalimu ni bora kuliko daktari umefanywa vya kutosha. Wanafunzi wajadili kama soko la mji wao lihamishwe, baada ya kwenda kuzungumza na wachuuzi.

Daftari

Chama hakihitaji katiba ya kurasa kumi. Ukurasa mmoja unatosha: jina, kusudi, nani anaweza kuwa mwanachama, viongozi ni wangapi, wanachaguliwa lini, fedha zinashikwaje, na chama kinaweza kumwondoaje kiongozi asiyefanya kazi. Kifungu hicho cha mwisho huwa kinasahauliwa, na ndicho huleta ugomvi.

Kisha linunuliwe daftari moja lenye jalada gumu. Katibu ndiye anayeliandika, lakini si mali yake. Linakaa shuleni, katika ofisi ya mlezi au maktaba, na mwanachama yeyote anaweza kuomba kulisoma. Kumbukumbu za mkutano hazihitaji kueleza kila kilichosemwa. Zinahitaji kueleza kilichoamuliwa, atakayekifanya, na siku ya mwisho ya kukifanya. Kwa mfano:

“Kumb. 4: Vyanzo vya maji. Ilikubaliwa kuwa kila mwanachama ataleta jina la chanzo cha maji cha nyumbani kwake. Atakayekusanya ni katibu msaidizi. Siku ya mwisho ni Ijumaa ijayo. Kumb. 5: Barua kwa kampuni ya maji. Kundi la Kidato cha Tatu litaandika rasimu na kuisoma mkutano ujao. Kumb. 6: Mhazini alieleza kuwa zimebaki shilingi 350.”

Mkutano unaofuata huanza kwa kusoma maneno hayo kwa sauti. Aliyepewa kazi anaulizwa imefika wapi. Ikiwa haijafanyika, anaeleza sababu, na hilo nalo linaandikwa. Wanafunzi hujifunza haraka sana kutojitolea ovyo, na pia hujifunza kumaliza walichojitolea. Wako watu wazima wengi wanaoketi katika kamati za maji, vyama vya ushirika na vikundi vya akina mama ambao wangefurahi kama wangefundishwa jambo hilo wakiwa na miaka kumi na sita.

Fedha ni mahali ambapo vyama huvunjika, na pia mahali ambapo mwanafunzi maskini hufungiwa mlango bila mtu kusema neno. Tuseme chama kina wanachama 40 na kinaamua kila mmoja atoe shilingi 50 kwa muhula. Hizo ni shilingi 2,000, na zinatosha daftari, karatasi za chati, gundi, na nauli ya wanachama wawili kupeleka barua mjini. Tuseme sasa chama kinataka fulana ya shilingi 600 kwa kila mtu. Ghafla chama kinahitaji shilingi 24,000, na wale ambao nyumbani kwao karo yenyewe haijalipwa wataanza kukosa mikutano. Hawatasema ni kwa sababu ya fulana. Watasema wana kazi. Mlezi mwenye macho huliona hilo, na chama chenye busara huandika kwenye ukurasa wake wa katiba kwamba hakuna mwanachama atakayeondolewa au kunyimwa nafasi ya uongozi kwa kukosa mchango.

Sheria pia inasema jambo hapa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mtu yeyote kukusanya ada shuleni bila kutoa stakabadhi rasmi. Mzazi anayeombwa fedha za safari ya chama ana haki ya kuuliza stakabadhi iko wapi. Ndani ya chama chenyewe, utaratibu mwepesi unatosha: mhazini anashika kitabu cha hesabu, fedha zinahifadhiwa na ofisi ya shule, na hakuna zinazotoka bila sahihi za mhazini, mwenyekiti na mlezi. Mwisho wa muhula hesabu inabandikwa ukutani. Wanachama wawili wasio viongozi waikague kabla haijabandikwa, nao watie sahihi.

Mlezi na mrithi

Mwalimu mlezi huleta uzoefu, hufungua milango na hulinda usalama. Asipotahadhari, pia huua chama kwa bidii yake. Yeye ndiye anayeandika barua, ndiye anayezungumza na mwalimu mkuu, ndiye anayekumbuka tarehe. Kisha Tume ya Huduma kwa Walimu inampa barua ya uhamisho, na Ijumaa inayofuata wanachama wanaketi chini ya mti wakitazamana.

Dawa yake ni kwamba mlezi asifanye jambo lolote ambalo mwanafunzi anaweza kulifanya akisaidiwa. Barua iandikwe na katibu, mlezi aisahihishe. Mgeni apigiwe simu na mwenyekiti akiwa ofisini kwa mlezi. Itachukua muda zaidi, na barua ya kwanza itakuwa na makosa. Mlezi avumilie, maana katibu huyo akishaandika barua tatu atakuwa na kitu ambacho uhamisho wa mwalimu hauwezi kukichukua.

Wanafunzi nao huondoka, na hilo linajulikana tarehe yake. Uchaguzi wa viongozi wapya unafaa kufanyika katika muhula wa pili. Wanaotoka wakae na wanaoingia kwa wiki kadhaa, katibu wa zamani akimwangalia katibu mpya akiandika, kabla hawajazama katika maandalizi ya mtihani. Chama kinachofanya uchaguzi Januari, wakati wenye ujuzi wamekwisha kwenda nyumbani, kinaanza upya kila mwaka.

Suala la kurithishana lina uzito zaidi sasa. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari pevu Januari 2026, likakuta vidato vya mfumo wa zamani bado viko shuleni, na wa mwisho wao watafanya KCSE mwaka 2027. Wanafunzi wa Gredi ya 10 wana somo la lazima la kutoa huduma kwa jamii. Chama chenye daftari lililojaa, ramani ya visima na majibu ya barua kinaweza kuwapa wanafunzi hao kazi ya kweli ya kuanzia, badala ya kuokota takataka sokoni kwa ajili ya picha. Lakini nani atawakabidhi, ikiwa vidato vya juu vinatumia saa ya vyama kwa marudio hadi siku ya mwisho?

Usalama, bila kuuzungumzia kwa aibu

Mikutano ifanyike mahali panapoonekana. Mtu mzima asikutane na mwanafunzi mmoja peke yake katika chumba kilichofungwa, hata kama ni kwa mazoezi ya shairi. Safari iwe na barua ya ridhaa ya mzazi, walimu wawili au zaidi, mwalimu wa kike ikiwa wasichana wamo, na hesabu ya kurudi kabla ya giza. Mwanafunzi anayesumbuliwa, au mwenzake anayejua, anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 116, laini ya kusaidia watoto, wakati wowote.

Kwa shule za kutwa za mashambani kuna jambo la ziada. Msichana anayetembea kilomita saba, akitoka shuleni saa kumi na moja kasorobo, atafika nyumbani jua likizama, na huko kuna kuni na maji vinamngoja. Shule zenye wanafunzi kama hao zinaweza kuweka mikutano mifupi baada ya chakula cha mchana, au kuwapa wanaotoka mbali kazi wanazoweza kuzifanya njiani na vijijini kwao. Katika mradi wa visima, anayetoka mbali zaidi ndiye mwenye habari ambazo wengine hawana.

Saa ikiliwa, nani aulizwe?

Mwanafunzi mmoja akienda kulalamika ofisini ataonekana mvivu anayekimbia masomo. Njia ya heshima ipo. Sheria ya mwaka 2013 inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi kiti katika bodi ya usimamizi wa shule kwa wadhifa wake. Viongozi wa vyama waketi pamoja, waandike ni mikutano mingapi ilipangwa katika muhula na mingapi ilifanyika, na mwakilishi wao aiwasilishe hesabu hiyo. Wasiombe saa zote sita na robo. Waombe alasiri mbili za wiki ambazo hazitaguswa, na waeleze watafanya nini nazo. Bodi ambayo imeona ramani ya visima ni rahisi kuzungumza nayo kuliko bodi iliyoonyeshwa fulana.

Serikali ya kaunti haiendeshi shule za sekondari. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeiachia Serikali ya Kitaifa kazi hiyo, na kaunti imepewa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi. Lakini mambo mengi ambayo vyama huyashughulikia yako chini ya kaunti: maji, kilimo, afya, masoko, maktaba, michezo na utamaduni. Chama cha wakulima vijana kinaweza kumwalika afisa wa kilimo wa wadi. Chama cha afya kinaweza kumwalika afisa wa afya ya umma. Chama cha mdahalo kinaweza kuisoma bajeti yenyewe.

Kwa chama kinachotaka swali lake lifike kwenye meza ya bajeti, kuna tarehe mbili za kuwekwa kwenye daftari. Kufikia Februari 28 kila mwaka, mwelekeo wa matumizi ya kaunti huwa umewasilishwa katika bunge la kaunti, na makadirio ya bajeti huwasilishwa kufikia Aprili 30. Maoni ya wananchi hukusanywa kabla ya maamuzi hayo, kwa mikutano na kwa maandishi, hivyo barua iandikwe mapema. Ukurasa mmoja unatosha: jina la shule na chama, tatizo lenyewe, takwimu ambazo wanachama wamezikusanya na jinsi walivyozikusanya, na jambo moja wanaloliomba. Mwenyekiti na katibu watie sahihi, mlezi na mwalimu mkuu waipitie. Ipelekwe ofisi ya msimamizi wa wadi ikiwa na nakala mbili. Moja inabaki pale. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, na katibu akairudishe shuleni na kuibandika daftarini.